Kitabu cha Maneno Magumu

Kamusi ya kwanza kueleza Kiingereza kwa Kiingereza ilichapwa London mwaka 1604, na maneno mepesi yaliachwa nje. Mtungaji wake, Robert Cawdrey, alikuwa mwalimu wa shule aliyewahi kuwa kasisi hadi alipovuliwa daraja kwa sababu ya msimamo wake wa dini. Kitabu alikiita A Table Alphabeticall. Kilikuwa na maneno yapatayo 2,500, mengi yametoka katika Kilatini, Kigiriki na Kifaransa, na kila neno lilipewa maelezo mafupi, mara nyingi neno moja au mawili tu. Cawdrey aliwataja waziwazi aliowakusudia: mabibi na watu wengine wasio na kisomo kikubwa, waliokutana na maneno hayo katika Maandiko, katika mahubiri na kwingineko. Nakala inayojulikana kubaki hadi leo ni moja, nayo imo katika maktaba ya Bodleian kule Oxford.

Mimi ni muuza vitabu vilivyotumika. Meza yangu iko kando ya njia hapa Posta, Dar es Salaam, na wateja wangu wengi ni watu wa Cawdrey kabisa. Kijana anafika, anaamkia vizuri, "Shikamoo mzee," namwitikia, kisha anauliza: "Una kitabu cha maneno magumu?" Mmoja ana usaili wa kazi, mwingine anajiandaa na mtihani wa kwenda kusoma nje, mwingine amechoka kunyamaza kwenye vikao vya ofisi vinavyoendeshwa kwa kimombo. Wote wanataka Kiingereza cha juu, na wote wanaamini kwamba Kiingereza cha juu kinakaa katika maneno ambayo mwenzako hayajui. Imani hiyo ina zaidi ya miaka 400. Nitasimulia ilivyosafiri hadi kufika hapa mezani. Lakini hamu yangu kubwa ni kusimulia habari za walimu wachache waliopita njia nyingine, kwa kuwa vitabu vilivyotokana na kazi yao vimo mezani papo hapo na watu wanavivuka kwa macho.

Waingereza wenyewe walichukua karibu karne moja kukubali kwamba neno la kila siku nalo linastahili kuandikwa katika kamusi. Kamusi ya mwaka 1702 inayoaminiwa kuwa ya John Kersey ndiyo iliyoanza kuyaingiza maneno ya kawaida kwa wingi. Mwaka 1755 Samuel Johnson akatoa kamusi yake kubwa yenye maneno yapatayo 42,000, akithibitisha maana kwa vifungu vya waandishi. Kazi ile naiheshimu. Ila ilitungwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari anazungumza Kiingereza, na mtoto wa Tanga au wa Kigoma hayumo humo.

Aliyeipa imani ya maneno magumu nguvu mpya ni Mmarekani Johnson O'Connor. Kazi yake ilikuwa kupima vipaji vya watu ili waelekezwe kwenye shughuli zinazowafaa, na katika vipimo vyake aliona kwamba wakubwa wa makampuni waliwazidi watu wengine kwa wingi wa maneno waliyoyajua. Februari 1934 aliandika juu ya msamiati na mafanikio katika jarida la Atlantic Monthly, na wachapishaji hawakulala. Mwaka 1942 Wilfred Funk na Norman Lewis walitoa kitabu cha kuahidi msamiati wenye nguvu kwa siku 30. Mwaka 1945 Funk akaanzisha ukurasa wa maneno katika Reader's Digest, It Pays to Increase Your Word Power, na mwaka 1949 Lewis akatoa Word Power Made Easy, ambacho kinachapwa mpaka leo.

Reader's Digest za zamani huja kwangu kwa maboksi, hasa familia inapouza vitu vya baba aliyestaafu au aliyefariki. Ukizifungua, ukurasa wa maneno ndio uliochakaa kuliko yote. Una alama za kalamu ya risasi, vema na makosa, na pembeni hesabu ya alama alizopata msomaji. Naziangalia hesabu zile kwa heshima. Mtu alirudi nyumbani jioni baada ya kazi, akawasha taa, akajipima maneno 20. Hamu ile ya kujua ilikuwa ya kweli, na mtu aliyekuwa nayo alistahili mwongozo mzuri zaidi ya ule aliopewa.

O'Connor aliona kwamba wakubwa wana maneno mengi. Waliosoma habari zake wakageuza: kariri maneno mengi, utakuwa mkubwa. Lakini maneno yale wakubwa hawakuyapata kwenye orodha. Waliyapata kwa kusoma, kwa kuandika na kwa kuishi miaka mingi ndani ya kazi zao. Kitabu cha Lewis kina jambo jema moja ambalo namwambia kila mteja. Kinafundisha mizizi ya Kilatini na Kigiriki, na mwanafunzi wa udaktari au wa sheria akiishika mizizi hiyo, maneno mengi yatamfungukia yenyewe. Hata hivyo Lewis aliwaandikia watu waliosikia Kiingereza wakiwa mgongoni mwa mama. Neno dogo kama get au put halikuhitaji kufundishwa pale. Kwetu maneno hayohayo madogo ndiyo yanayotuangusha.

Njia ya pili iliyoileta imani hiyo kwetu ilitokea Glasgow. Mwaka 1938 Angus Maciver alitoa First Aid in English, akiwaandalia watoto wa Uskoti mazoezi ya lugha yao. Ndani mna orodha za kila namna: jina la kundi la simba, jina la mtoto wa swala, mahali anapokaa sungura, jike la tausi huitwaje, mtu jasiri hufananishwa na nini. Kitabu kile kikavuka bahari, kikafika Afrika Mashariki, Afrika Magharibi na visiwa vya Karibi, na hadi leo mzazi mwenye mtoto katika shule ya mchepuo wa Kiingereza huniulizia. Sikichukii. Watoto hufurahia kuyataja maneno yale, na furaha ina kazi yake darasani. Tatizo ni pale tulipokifanya kipimo cha kujua Kiingereza. Nakumbuka ubao wa darasa letu: maneno kumi ya kukariri kila wiki, na kiboko kwa aliyesahau. Tulimaliza shule tukijua kundi la nyuki linaitwaje, na hatukuweza kuandika barua ya kuomba likizo.

Wakati mambo hayo yakiendelea, katika mji wa Dacca, ambao leo ni Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, kulikuwa na mwalimu Mwingereza aliyeitazama shida hii kutoka upande wa mwanafunzi. Michael West, aliyezaliwa mwaka 1888, alikuwa katika utumishi wa elimu wa serikali ya kikoloni ya India, akaongoza chuo cha ualimu pale Dacca. Aliwaona vijana wa Kibengali wakisoma Kiingereza miaka na miaka, kisha ukiwapa ukurasa wa kawaida hawausomi wakaelewa. Na wengi wao hawakufika mwisho wa shule. Waliacha njiani kwa umaskini, kwa kazi za nyumbani, kwa kufeli.

West akauliza swali kwa lugha ya bima. Mtu anayelipia bima akiacha katikati, anarudishiwa kiasi gani? Basi mtoto anayeacha kusoma Kiingereza baada ya mwaka mmoja, au miwili, anaondoka na nini mkononi? Kwa Kiingereza kilivyofundishwa, jibu lilikuwa karibu na sifuri. Alikuwa amepewa vipande vya nyumba isiyo na chumba hata kimoja cha kulala. West akaona kwamba kitu ambacho mtoto wa namna hiyo angeweza kuondoka nacho haraka kikamfaa ni uwezo wa kusoma. Mwaka 1926 alitoa matokeo ya uchunguzi wake katika kitabu juu ya lugha mbili katika Bengal, na baada yake vitabu vya kusoma vya New Method vikaanza kutolewa na Longmans.

Ufundi wake ulikuwa wa subira. Alivichukua vitabu vya darasani, akavihesabu, akaona kwamba vinamwaga maneno mapya mfululizo, mengi yao adimu, na neno likishapita halirudi tena. Yeye akafanya kinyume. Neno adimu alilibadilisha kwa la kawaida. Neno jipya alilileta baada ya maneno kadhaa ya zamani, kwa wastani moja katika kila 50, na lilipoingia alihakikisha linarudi mara kwa mara mpaka msomaji alizoee. Hadithi ikabaki hadithi, na mtoto akamaliza ukurasa bila kukimbilia kamusi.

Mwaka 1935, pamoja na J. G. Endicott, West alitoa New Method English Dictionary. Ilieleza karibu maneno na misemo 24,000, na maelezo yote yaliandikwa kwa maneno 1,490 tu. Msomaji aliyeyashika hayo 1,490 alikuwa na ufunguo wa kitabu kizima. Cawdrey alieleza neno gumu kwa neno jingine, pengine gumu vilevile. West alilieleza kwa maneno ambayo mwanafunzi anayo tayari. Naiona hiyo kuwa heshima kubwa kabisa ambayo mtunga kamusi anaweza kumpa mgeni wa lugha.

Kazi yake iliyodumu zaidi ilitoka mwaka 1953: A General Service List of English Words. Ni orodha ya maneno yapatayo 2,000 yenye manufaa ya jumla kwa mwanafunzi. Kilichoipa thamani si idadi. Kila neno linaonyesha maana zake, na mbele ya kila maana kuna asilimia inayoonyesha hutumika kwa kiasi gani, kutokana na hesabu iliyofanywa katika maandishi ya maneno kama milioni 5. Mwalimu akifungua anaona kwamba maana hii ya neno ndiyo inayotawala, ile nyingine ni ya nadra, basi anajua aanze wapi. Kazi hii ilifanywa kabla ya kompyuta kuingia katika shughuli za kamusi, kwa macho ya watu na karatasi.

Walimu wengine wawili walikuwa Japani. Harold Palmer, mzaliwa wa London, alikwenda Tokyo mwaka 1922 kuishauri wizara ya elimu ya nchi ile juu ya kufundisha Kiingereza, na mwaka uliofuata ikaanzishwa pale taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa lugha hiyo. Mwaka 1924 akafika Japani kijana mwingine, Albert Sydney Hornby, aliyeajiriwa kufundisha fasihi ya Kiingereza katika mji wa Oita. Akagundua kwamba wanafunzi wake walihitaji lugha kwanza. Akaungana na Palmer, na Palmer alipoondoka mwaka 1936, Hornby akaishika kazi.

Pamoja na E. V. Gatenby na H. Wakefield, Hornby alitunga kamusi ambayo haikuwa na mfano wake kwa ukamilifu. Walijua mwanafunzi wa kigeni haridhiki kuambiwa maana ya neno tu. Anataka kujua neno hilo linakaaje na wenzake. Chukua mtu wetu anayesema I suggest him to go. Kila neno analijua, na sentensi bado ni mbovu, kwa sababu want inakubali mpangilio ule na suggest haiukubali. Hornby na wenzake walivipanga vitenzi katika mipangilio 25, wakakipa kila kitenzi namba za mipangilio kinayoikubali, na mifano juu yake. Nomino nazo wakazitia alama: hii inahesabika, hii haihesabiki. Nusu ya makosa ninayoyaona katika barua za kuomba kazi ambazo vijana huniletea nizipitie, informations, advices, furnitures, yangekoma kwa alama hiyo moja.

Kamusi ile ilichapwa na kampuni ya Kaitakusha, Tokyo, mwaka 1942. Japani na Uingereza zilikuwa vitani tangu Desemba 1941. Wajapani walichapa kamusi ya lugha ya adui, iliyotungwa na raia wa nchi ya adui, katikati ya vita. Kila ninapolifikiria jambo hilo moyo wangu hujaa. Mwaka 1948 Oxford wakaitoa upya kwa kuzipiga picha kurasa zilezile za Tokyo, na mwaka 1952 ikapewa jina ambalo wengi wetu tunalijua: The Advanced Learner's Dictionary. Toleo la pili lilitoka mwaka 1963, la tatu 1974, la nne 1989, na la kumi 2020.

Kwa hiyo kamusi iliyo maarufu kuliko zote kwa wanaojifunza Kiingereza ilizaliwa Asia, kwa ajili ya vijana wa Kijapani. Ndiyo maana inatufaa. Nina nakala ya toleo la 1963 ambayo siiuzi. Gamba lake limeshonwa na fundi viatu, na aliyekuwa nayo kabla yangu aliandika pembeni tafsiri za Kiswahili kwa mwandiko mdogo uliosimama wima. Karibu zote ziko kwenye maneno mafupi: keep, make, take, turn. Yule bwana au bibi alijua kazi iko wapi. Fungua kamusi yoyote ya Hornby, utaona kurasa nyingi zimepewa vitenzi vidogo hivyo. Cawdrey angeviruka vyote.

Kwetu, Kiingereza kiliingia shuleni na ukoloni, na baada ya sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule ya msingi, Kiingereza kikabaki sekondari. Mtoto akawa anavuka ghafla kutoka lugha moja kwenda nyingine akiwa kidato cha kwanza. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, waliandika ripoti juu ya Kiingereza katika elimu yetu, wakaonyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kuwawezesha kusomea masomo mengine. Kuanzia mwaka 1987 mradi wa msaada wa Uingereza ukapeleka mashuleni vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi.

Hapo mkono wa West wa Dacca ukafika Iringa na Mtwara. Vitabu vya ngazi ni mbinu yake: maneno machache yanayojulikana, machache mapya yanayorudiwa, na hadithi ya kukuvuta mbele. Waliosoma kidato cha kwanza na cha pili nchini wanaikumbuka Hawa the Bus Driver na Mabala the Farmer, vya Richard Mabala. Ni hadithi zenye watu tunaowajua, daladala zetu na mashamba yetu, kwa Kiingereza ambacho mtoto aliyetoka Kiswahili anaweza kukifuata. Watu wazima hupita mezani kwangu, wakiona jalada la Hawa wanasimama na kuanza kusimuliana. Sijawahi kumwona mtu akisimama kusimulia orodha ya maneno kumi.

Baadaye kompyuta ziliithibitisha njia hii. Kamusi ya Longman ya mwaka 1978 ilieleza maana kwa maneno yapatayo 2,000. Ile ya COBUILD ya mwaka 1987, iliyoongozwa na John Sinclair kule Birmingham, ilitegemea mamilioni ya maneno ya matumizi halisi yaliyowekwa kwenye kompyuta. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alichunguza maandishi ya kitaaluma yenye maneno milioni 3.5. Akakuta kwamba orodha ya West ilifunika asilimia 76 ya maandishi hayo, na kwamba jamii 570 za maneno ya kitaaluma alizoziorodhesha yeye zilifunika asilimia 10 nyingine. Hizo 570 ndizo Kiingereza cha juu ambacho mwanafunzi wa chuo anakihitaji kabla ya kingine chochote, na ukiyatazama maneno yake hayana makeke: analyse, assume, evidence, require. Ni maneno ya kufanyia kazi.

Kwa hiyo kijana akiniomba kitabu cha maneno magumu, namuuliza kwanza kama ameshasoma vitabu vya ngazi. Mfululizo wa Oxford Bookworms, kwa mfano, unaanza na maneno 250 na kupanda hadi 2,500, na asiyeweza kuusoma ule wa ngazi ya juu bila kukwama hajawa tayari kwa Lewis. Kisha namwonyesha Hornby. Toleo la zamani linatosha, kwa kuwa vitenzi vidogo havijabadilika, na bei yake hapa mezani ni nafuu mara nyingi kuliko jipya dukani. Namwambia afungue kitenzi kimoja kifupi kila jioni, asome mifano yote, aandike sentensi zake mwenyewe juu ya kazi yake au mtaa wake. Aliye na Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, iliyotoka mwaka 1996, aitumie pamoja nayo, maana kutegemea Kiswahili ili kuelewa si aibu. Wanaorudi baada ya kufuata ushauri huu huja kutafuta riwaya.

Ninalo ombi kwa wakuu wa shule. Vitabu vya ngazi vilivyoletwa miaka ile bado vimo katika baadhi ya makabati ya shule, vimefungwa kwa kufuli ili visipotee. Vifungulieni. Mpeni kila mtoto wa kidato cha kwanza kitabu kimoja aende nacho nyumbani Ijumaa, hata kama vichache havitarudi Jumatatu.